Mteja wa Leo Asubuhi

Mwenzangu, upo? Nimejifungia chooni nalia.

Si unaijua ile ratiba yangu ya kushona? Nikishakunywa chai naingia chumbani kwenye cherehani, nafunga mlango, na haingii mtu isipokuwa mteja. Ile ile ninayojitapa nayo kila siku kwamba ndiyo iliyoniletea kazi hadi za maharusi.

Sasa leo nasikia hodi. Nafungua, namkuta kitinda mimba wangu. Kavaa viatu vyangu, mkoba wangu begani unamburuta, mkononi kashika kigauni cha mwanasesere wake kilichochanika. Nikamkaripia, "Mama, si nimekwambia baadaye?"

Akanijibu, "Mimi siyo mtoto. Mimi ni mteja."

Mimi ni mteja! Mwanangu wa kumzaa!

Kwanza nikacheka, mjinga mimi. Nikamwambia, "Haya, karibu mteja, kaa." Akakaa kwenye kiti cha wateja, katulia tuli, hata miguu hachezeshi. Nikachukua kile kigauni nianze kukishona.

Akanishika mkono.

"Usishone haraka," akaniambia. "Kikiisha utanitoa nje."