Mzigo wa Alhamisi

Jumapili, 3 Mei

Kanisa la shule lilijaa leo. Watoto wa kila rangi, wanaimba kama redio nyingi zimewashwa chumba kimoja. Nikapiga makofi. Kumbe hapa hawapigi! Mwanangu akanishika mkono polepole, akaulaza pajani kwake, kama mtu anayemlaza mtoto msumbufu.

Baada ya ibada Mkuu wa shule akaja na swali lake. Lugha yao siijui, ila swali hilo nalijua kwa sura sasa: mumeo anafika lini? Mwanangu akatabasamu. Karibuni, anamalizia kazi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Uongo mtupu. Mkwe wangu haji. Ana nyumba nyingine kule nyumbani, na kitoto kichanga ndani yake. Ndoa imekufa na imezikwa, na mwanangu bado anavaa pete. Akiosha vyombo anaizungusha na povu, anaizungusha tu.

Nilimuuliza jikoni, utasema lini? Akasema, Mama, nikishasaini. Mwisho wa mwezi mikataba inafanywa upya. Nyumba hii wanampa mwalimu mwenye familia kamili. Mwalimu wa kuchora mwaka jana aliachana na mumewe, wakamwambia apumzike kwanza, kamati itazame. Anapumzika mpaka leo. Masanduku yake aliyasukuma mwenyewe hadi getini.

Basi nikanyamaza. Kwangu mimi kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kufua mapazia. Ndiyo maana naandika humu. Hili daftari halina miguu.

Jumanne, 5 Mei

Mlinzi kaja mlangoni. Anaonyesha kibarazani, anatikisa kichwa — nguo zisianikwe pale, wageni wa shule wanaziona. Nikamwambia kwa Kiswahili changu, basi wageni wafumbe macho. Hakuelewa neno, akacheka. Nikacheka. Nguo ziko palepale.

Jioni mjukuu wangu akaanza. Namwita Chiriku kwa sababu asubuhi mdomo wake huamka kabla yake. Eti, Bibi, Baba akija atalala wapi na kitanda umekichukua wewe? Nikamwambia, mke mwenzangu, tutamtundika kibarazani na nguo. Akacheka hadi akakaa sakafuni.

Mwanangu hakucheka. Alikuwa anasahihisha madaftari ya hesabu. Kalamu nyekundu ilisimama juu ya karatasi, ikakaa hapo muda mrefu.

Alhamisi, 7 Mei

Nimefanya jambo. Bado sijui kama ni jema.

Alhamisi wanawake wa shule hukutana chumba cha muziki, viti vimepangwa duara. Kila mmoja anataja mzigo wake, na aliyekaa kulia kwake ndiye anayeubeba wiki nzima. Anauombea asubuhi na jioni. Alhamisi inayofuata anakuuliza, mzigo umefika wapi? Utaratibu huu umenipendeza tangu siku ya kwanza. Mpishi wa shule anajua Kiswahili, ndiye anayenifasiria. Siku zote mimi hutaja magoti. Magoti yangu yameombewa mpaka yanaona haya.

Leo kulia kwangu alikaa mke wa Mkuu. Akanishika mkono. Mkono wa joto, laini kama unga uliopepetwa. Tangu nimefika huku watu wananipungia tu kwa mbali, hakuna aliyenishika hivyo. Zamu yangu ikafika. Nikafungua mdomo niseme magoti — yakatoka mengine! Nikasema mwanangu ameachwa na mumewe. Analia bafuni, anafungulia maji ili tusimsikie. Mwombeeni, mimi nimechoka kuomba peke yangu.

Mpishi akanitazama. Akauliza kwa sauti ya chini, Mama, niseme hivyohivyo? Nikamjibu, sema! Kwani anayesikia si Mungu?

Akasema.

Kisha mke wa Mkuu akalia, machozi ya kweli, pua nyekundu. Akanikumbatia mpaka kilemba kikalegea.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimekula nikaongeza. Mwanangu nitamwambia — si leo, amechoka. Tena ni maombi. Kilichosemwa mbele za Mungu kinabaki hukohuko.

Ijumaa, 8 Mei

Hakikubaki.

Walimu huomba pamoja asubuhi kabla ya kengele. Mke wa Mkuu aliubeba mzigo wangu kwa moyo wote. Uzito ukamshinda, akamwomba mumewe amsaidie. Mkuu naye akasimama mbele ya walimu, akafumba macho, akamwombea mwanangu kwa jina lake na ndoa yake iliyovunjika. Na mwanangu yuko palepale, kikombe cha chai mkononi! Wote wakasema amina. Na yeye akasema amina. Angefanya nini?

Mchana akarudi. Hajawahi kurudi mchana. Akakaa na viatu vyake, mkoba begani.

— Mama, ulisema?

— Nilisema.

— Ulimwambia nani?

— Mungu.

— Mama!

— Nilimwambia Mungu. Mke wa Mkuu alikuwa amekaa katikati.

Nilidhani atacheka. Au atanipigia kelele — ningefurahi, angenipigia kelele nikamjibu, tukamaliza. Alikwenda bafuni akafungulia maji.

Mdomo wangu huu! Watoto wangu nimewalea kwa mdomo huu, nimewatafutia karo kwa mdomo huu sokoni. Leo umemchoma mmoja.

Jumamosi, 9 Mei

Keki. Keki juu ya keki. Mwalimu wa muziki kaleta, mke wa mhasibu kaleta, mwingine simjui hata kazi yake kaacha mlangoni akakimbia. Kila anayekuja anaweka kichwa upande na kuongea taratibu. Kwani hapa kuna msiba? Nikatamani kuwauliza maiti iko wapi. Lakini wana huruma, siwezi kusema hawana. Huruma yenyewe ndiyo inayombana mwanangu. Amejifungia na madaftari yake. Hajala hata kipande.

Chiriku amekula kwa niaba ya wote. Halafu akaniuliza, mdomo umejaa, Bibi, kuachwa ni nini? Mtoto mmoja wa darasani kwao amemwambia.

Nikamwambia ni pale mtu anapoondoka na harudi, na kosa si la mtoto. Nikamwambia vilevile, sikupamba. Nikangoja kilio.

Akafuta vidole. Akasema, mimi nilijua. Baba akipiga simu anauliza habari za shule tu. Haulizi habari za Mama. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akasema Mama alitaka iwe siri, na mimi naweza kutunza siri.

Chiriku mzima! Anatunza siri kuliko mimi.

Jumapili, 10 Mei

Sikwenda kanisani. Nilisema magoti. Mungu anajua si magoti.

Jumatatu, 11 Mei

Mambo yameharibika zaidi, na sasa siyo mimi niliyeyaharibu. Au ni mimi tena. Kichwa kinaniuma.

Mkuu alimwita mwanangu ofisini. Akamuuliza kwa upole, ni kweli? Mwanangu akashikwa na woga. Akasema mama yangu ni mzee, pengine alikuwa anasema habari za mtu mwingine, na mpishi hakufasiri sawasawa.

Na Mkuu akafurahi! Mwanangu mwenyewe kaniambia, uso wa Mkuu ulifunguka. Anampenda kwa ajili ya kazi yake, naye alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Akasema vizuri, Jumatano kamati inakaa, tutamwita mpishi na mama yako, wakithibitisha hivyo tumemaliza, mkataba utasainiwa.

Wamemaliza nini? Nikavaa viatu nikaenda jikoni kwa shule, mlango wa nyuma. Mpishi alikuwa anamenya viazi. Nikachukua kisu nikakaa naye. Tukamenya.

Anajua kila kitu. Ameitwa naye. Akiitikia kwamba alifasiri vibaya, ni yeye aliyetangaza uongo juu ya nyumba ya mwalimu, na kazi hana. Kibali chake cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi hiyo.

Akaniambia, Mama, usijisumbue. Nitasema nilikosea. Mimi nitapata jiko lingine, majiko ni mengi. Mwalimu ana mtoto.

Nikamwambia, na wewe una nini, paka?

Akacheka, akafuta macho kwa kiwiko. Ana watoto wawili, wako kwa dada yake. Wanakula viazi hivi hivi, kwa njia ya mbali.

Nikamuuliza kwa nini unataka kufanya hivyo. Akasema, mlipofika hapa mwanao alikuwa mwalimu wa kwanza kuingia jikoni kunisalimia kwa shikamoo. Wengine huingia kuuliza kama chakula kiko tayari.

Nimerudi nyumbani nikiwa sioni njia. Niandike ukweli maana hapa hakuna wa kunisikia: nimewaza kunyamaza. Bibi kizee asiyejua lugha yao. Naweza kukaa mbele ya kamati na kutikisa kichwa kama mjinga, mpishi aseme alivyosema, na mwanangu akasaini. Chiriku abaki na shule yake, na marafiki zake, na kitanda chake. Nani atanilaumu? Ni rahisi mno. Wazo likanikalia kifuani mchana kutwa, na sikulifukuza kama nilivyopaswa.

Jumanne, 12 Mei

Nimempa mwanangu vidonge vyake.

Nilimsubiri amalize kula. Nikamtuma Chiriku akaoge. Nikamwambia, mpishi umemfanyia nini? Akasema, Mama, usianze. Nikaanza.

Akasema nilikuwa na woga, neno lilitoka lenyewe. Nikamwambia na langu lilitoka lenyewe, tumetoshana. Lakini langu lilikuwa kweli.

Hapo akapandisha sauti. Alhamdulillahi — hata siyo neno la kanisa, lakini ndilo lililonijia! Siku nne nilikuwa nangoja sauti hiyo. Akasema, wewe utarudi kijijini kwako, una nyumba yako na kuku wako. Mimi nitarudi kwa nani? Nitapita mtaa ule ule ambao yeye anapita na mtoto wake mchanga? Nimesoma miaka yote ile ili niende kupanga chumba kwa kaka yangu? Unajua hapa kila asubuhi nasimama mbele ya watoto na hakuna anayenionea huruma? Palikuwa ni mahali pamoja tu, Mama. Pamoja tu. Ukapaondoa.

Nikamwambia, nimepaondoa. Nisamehe. Sijazoea neno hilo, lilinikwama kama mfupa.

Tukakaa. Maji ya kuoga ya Chiriku yakawa yanasikika.

Halafu nikasema nililotaka kusema tangu jana. Ulipokuwa mdogo, ukitaka kupigana na mtoto mkubwa kuliko wewe, ulivua ndala ukanipa. Nishikie, Mama. Ukaenda. Ulipigwa mara nyingi, lakini ulipigwa ukiwa mbele. Lini umejifunza kusukuma mtu mwingine mbele yako?

Akaosha vyombo. Pete na povu, pete na povu.

Mimi nikamkaushia sahani. Nikamwambia kesho sitatikisa kichwa. Wakiniuliza nitasema. Nakuambia leo ili usije ukasema nimekugeuka. Akasema, najua, Mama. Basi. Najua tu. Wala sijui anajua nini.

Jumatano, 13 Mei

Naandika nje ya ofisi ya Mkuu. Benchi ni gumu, lina mto mwembamba wa kudanganyia wageni. Mpishi yuko kando yangu. Amevua aproni, amevaa gauni la Jumapili, mikono inanuka kitunguu. Anarudia maneno yake chini chini kama mtoto anayekwenda mtihani. Nilikosea. Sikuelewa vizuri. Naomba msamaha.

Nikamwambia, mwanangu, nyamaza, unanitia kiungulia.

Mke wa Mkuu alipita hapa. Akasimama mbele yangu, akashika kifua chake, akatikisa kichwa. Nikamshika ule mkono. Si mbaya mama wa watu. Alibeba alichopewa.

Mwanangu yuko ndani. Aliitwa kwanza. Mlango una kioo cha ukungu, naona kivuli chake tu, kimesimama. Wengine wamekaa, yeye amesimama.

Sisi tulitembea kutoka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma na magoti yangu. Hapa benchini akainama kunifunga kamba ya kiatu, haikuwa imefunguka. Alipoinuka akavuta kidole chake. Pete ilikuwa imekaza, ikabidi akilambe kidole. Akaniwekea kiganjani.

Nishikie, Mama.

Akaingia.

Ninayo hapa. Naandika ngumi imefungwa nusu, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi. Ni nyepesi sana. Nilidhani ni nzito.

Sauti yake nasikia, maneno siyapati. Haisiti. Ndiyo sauti anayowafundishia watoto hesabu, ile ya kusema rudini mwanzo tuanze upya. Mpishi ameacha kurudia maneno yake. Amenishika mkono wa gauni. Ananiambia, Mama, anasema yote — halafu akaziba mdomo, hafasiri.

Nikamwambia fasiri! Akatikisa kichwa. Machozi yanamtoka.

Kimya sasa. Mtu anasukuma kiti.

Mlango umefunguliwa. Ni Mkuu. Uso wake sijui niuite uso gani. Anamwita mpishi. Mpishi anasimama. Nimemvuta gauni, nimemwambia kaa chini, huna la kukosea tena. Anamtazama Mkuu, ananitazama mimi, amekaa. Mkuu ananyoosha mkono ndani, anamwita tena. Siyo yeye, baba. Ni mimi. Zamu ni yangu. Nasimama, magoti haya —