Baba Hakufika Nusu ya Tuta

Makkum, Friesland
19 Mei 1997

Mpendwa Shangazi Froukje,

Pokea salamu zetu. Natumaini huko Kanada hamjambo, na goti la Mjomba Bauke limepata nafuu. Sisi tu wazima. Bibi Hiske anakohoa kidogo, ila habari za daktari hataki kuzisikia.

Barua yako ilifika. Umemwandikia Mama kwamba si vizuri kumzuia Douwe asimwone baba yake. Mama aliisoma, akaiweka nyuma ya saa, akaenda kumenya viazi. Hatakujibu. Nakujibu mimi, ingawa unajua mimi si msemaji. Kwenye karatasi naweza.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikuwa aende kwa Baba, anakokaa sasa ng'ambo ya tuta la bahari, kilomita thelathini zote zile juu ya maji, kwa baiskeli yake mwenyewe. Wazo lilikuwa la Baba. Alimwambia kwenye simu, "Mwanamume wa miaka sita habebwi nyuma kama gunia! Njoo na dada yako mpaka Breezanddijk, nusu ya njia. Mimi nitatokea huku, halafu tunamalizia mimi na wewe." Basi kila jioni Douwe akawa analizunguka kanisa kwa mazoezi.

Siku yenyewe upepo ulitusukuma mgongoni. Unajua kwetu anayetoka na mtoto huanza kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi umsaidie. Lakini Douwe hakuwa wa kurudi. Ningerudi mimi peke yangu, nimeinamia usukani. Kwa hiyo tukaenda, naye njia nzima ananitania, "Kanyaga, Wytske! Kanyaga, bibi kizee!"

Breezanddijk hapakuwa na Baba. Tulikula mikate yetu kwenye kituo cha mafuta, tukangoja mpaka Douwe akaacha kuuliza. Nikajikaza kumwomba mama wa dukani simu, uso unaniwaka.

Baba alipokea mwenyewe. Yuko nyumbani.

"Upepo umeuona lakini? Ungenipiga usoni njia yote. Tutapanga wiki nyingine, sawa binti?"

Alisema kwa Kiholanzi. Shangazi, tangu nizaliwe Baba hajawahi kusema nami ila kwa Kifrisi chetu cha nyumbani. Nyuma yake nilisikia mwanamke anacheka. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, kwa lugha zote mbili. Nikasema, "Sawa."

Upepo! Yeye aliyekuwa akiwacheka watalii wanaoshuka na kukokota baiskeli zao!

Kumpigia Mama kusingesaidia, maana gari aliondoka nalo Baba. Nilimwambia Douwe kwamba Baba amepata pancha, tukageuza. Nilishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili nikauweka mgongoni mwake nimsukume, kama wewe ulivyonisukuma zamani. Hakuutaka. Kila alipoukwepa, upepo ulimsimamisha kabisa.

"Ungeniacha niende!" alilia. "Mimi najua kuziba pancha! Ningemsaidia! Wewe mwoga tu, unataka kurudi kwa Mama!"

Tulifika hatuihisi tena miguu kama ni yetu. Mpaka leo hanisemeshi. Kwa Baba hana kinyongo hata chembe. Jana nilimkuta kibandani anatafuta viraka na gundi ili ampelekee.

Sasa uniambie ni nani anayemzuia nani. Mama ndiye aliyemfulia nguo za safari, akaupaka mafuta mnyororo wa baiskeli yake. Nimeandika kwa hasira, najua, na sitaichana karatasi hii nikaanza upya.

Sikuombi umkaripie ndugu yako. Atakueleza lake, nawe utaamua. Naomba kitu kimoja tu. Mwezi ujao Douwe anatimiza miaka saba, na najua utamtumia kadi. Ukitaja safari ile, mwandikie kwamba nawe ulisikia Baba alipata pancha. Mimi haniamini sana siku hizi. Wewe atakuamini.

Bibi anakusalimu. Mama pia, ingawa hakunituma niseme hivyo. Nisalimie Mjomba Bauke na binti yenu Nynke. Mungu awatunze huko mliko.

Ni mimi nikupendaye, hata leo,
Wytske