Tope la Golikipa

Jumatatu, 6 Januari 2025

Toleo limetoka! Nimetoka kwa Athuman, mchapaji wangu wa Kizota, na vidole bado vina wino. Kabati la Michezo, jarida langu la wakusanyaji wa vitu vya michezo, kurasa kumi na mbili, na safari hii jalada lina rangi. Njiani nimekaa nalinusa tu. Ludovick anasema katika Dodoma nzima ni mke wake peke yake anayenusa karatasi kama watu wanavyonusa pilau. Aseme anavyotaka. Na yeye alilisoma lote akiwa amesimama, hata kofia hajavua.

Jaladani ni jezi ya Mzee Bartolomayo wa Gulwe. Alikuwa golikipa wa timu ya wafanyakazi wa reli. Fainali ya wilaya, 1981, mvua inamwagika, mpira unakaribia kwisha — penalti! Mzee akaruka, akaidaka, akaangukia tope. Wakachukua kombe. Akaapa jezi haitaguswa na maji mpaka timu ichukue kombe tena. Timu yenyewe ikaja ikafa. Jezi ikabaki chumbani kwenye msumari na tope lake, imekakamaa kama ubao. Rangi yake ya asili hata yeye haikumbuki vizuri.

Nimeandika kwa herufi kubwa: TOPE LA FAINALI — HALIJAGUSWA!

Hakuna mwanakabati mwenye kitu kama hiki. Sisi wengine tuna tiketi, beji, filimbi za marefa, njumu zisizo na soli. Tope la mechi yenyewe? Wapi!

Alhamisi, 9 Januari

Optatus kapiga simu. Huyu ni Mhaya mwenzangu, yuko Dar, ana kundi lake la WhatsApp la wakusanyaji wa vitu vya michezo. Maringo yake yanasikika hata akikohoa. Eti, dada Paskazia, karne hii nani anasoma karatasi? Niachane na mambo ya bahasha, nihamie kwenye simu kama watu.

Kaniuma kwa sababu ni kweli. Wasomaji wanapungua. Hapa naandika peke yangu, sina wa kumdanganya: toleo hili lisipovuta watu, Kabati nalifunga. Nimelianza nikiwa karani kijana, nimehama nalo kutoka Dar serikali ilipohamia huku.

Kwa hiyo nikamjibu vibaya. Nikamwambia kwenye kundi lako jezi moja wanaiuza watu watano, na picha ni ileile! Akacheka. Mimi sikucheka. Tukabishana mpaka tukawekeana dau. Atakuja mwenyewe, aliguse tope kwa mkono wake. Likiwa halisi, atawahimiza watu wake wote wajiandikishe kwa Kabati, la karatasi. Likiwa la uongo, jina la Kabati ni lake, nami nitakuwa msomaji tu kwenye kundi lake, nasubiri zamu ya kuongea. Nikasema sawa! Sijui ni hasira au ni wazimu.

Nikampigia Mzee Bartolomayo. Shikamoo, marahaba, mvua vipi huko, na kadhalika, ndipo nikamwambia. Kafurahi mpaka simu inakoroma. Anakwenda Zuzu kumsaidia mdogo wake kupalilia, lakini Jumamosi ya wiki ijayo atakuwa amerudi, tutamkuta. Mama Loisi, mke wake, akamnyang'anya simu. Wageni wa Dar? Wanakuja hapa, kwangu? Kuitazama jezi hiyo hiyo? Nikamwambia ndiyo mama, na usihangaike na chakula. Akasema haya.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya misa tumekaa sebuleni kufunga bahasha. Ludovick analamba stempu, analalamika ulimi umeota gundi. Furaha tupu. Msomaji mmoja wa Singida, aliyepewa nakala yake mkononi juzi, kapiga kuniambia jalada amelibandika ukutani, na mke wake kamuuliza kwa nini amebandika tambara. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumatano, 15 Januari

Jamani! Jamani, jamani.

Niko ofisini Mtumba, simu inaita. Mama Loisi, sauti inaimba. Mwanangu, nimemaliza! Nikamuuliza umemaliza nini mama. Eti, ile jezi! Inang'aa!

Nilishika meza. Akaendelea, hata hasikii kama sipumui. Kailoweka tangu juzi. Kaibadilishia maji mara ngapi hajui, yalikuwa yanatoka mekundu kama ya kuoshea viazi. Sabuni ya mche, akaipiga brashi taratibu isichanike, akaianika kivulini, na leo asubuhi kaipiga pasi ya mkaa. Kumbe ni ya njano, mwanangu! Njano kama kifaranga!

Nikasema mama... mama, kwa nini?

Akashangaa kabisa. "Wageni watoke Dar, waingie nyumbani kwangu, waonyeshwe nguo ya mume wangu ina tope? Waende wakaseme nini? Kwamba Loisi hafui?" Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ameolewa ameikuta kwenye ule msumari. Kazaa watoto sita, kafua nepi zao zote, na kila alfajiri akifungua macho kitu cha kwanza ni lile tope. Akinyoosha mkono tu, mzee anakohoa. Safari hii mzee yuko Zuzu, hakuna wa kukohoa.

Nikamuuliza kama mzee anajua. Hajui. Nitamwambia akishakula, akasema.

Ningemgombeza vipi? Mimi mwenyewe, mgeni akija nyumbani kwangu, nafua hadi mapazia. Miaka yote hii nawaandikia watu usifue, usipige pasi, usishone, na sikuwahi kumwambia mwenye beseni.

Nimerudi nyumbani nimemsimulia Ludovick. Kaanguka kwenye kochi, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Nilipomrushia mto akasema suluhisho ni rahisi: Gulwe tope halijawahi kuisha, tukaipake tena. Saa nzima nimewaza kufanya hivyo. Nimewaza kweli! Optatus angejuaje? Halafu nikaona ile picha ya jalada mezani, tope lina alama ya kiwiko mahali alipoangukia, nikajua siwezi. Siku nitakapopaka tope kwenye jezi ya mtu, Kabati litakuwa limekufa hata kama lina wasomaji elfu.

Ijumaa, 17 Januari

Nimempokea Optatus stesheni. Nilijiandaa kumchukia, na kanivuruga. Kaja na begi dogo, na ndani yake — sikuamini — matoleo yote ya Kabati, tangu la kwanza, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki! Lile la kwanza hata mimi sina. Nikamuuliza, si ulisema karatasi imekufa? Akaona haya, akasema anayapenda ila hataki kundi lijue.

Nikaona nikichelewa sitasema tena. Nikamwambia palepale, abiria wanatupita: imefuliwa. Na pasi juu.

Akaniangalia. Akaangalia mifuko yake ya plastiki. Mwishowe akasema, "Dada, basi Kabati ni langu." Nikasema ndiyo, nimeshindwa, dau ni dau. Tukatembea mpaka kwenye gari. Alipofunga mlango akasema kwamba hata hivyo kesho twende. Anataka kumwona huyo kipa.

Sina raha, lakini sina wasiwasi tena. Ajabu. Kesho nitampa rasmi jina, mbele ya Mzee, kama mtu mzima.

Jumamosi, 18 Januari — Gulwe

Naandika kibarazani kwa Mama Loisi, daftari juu ya goti, kwa sababu sikuthubutu kusubiri mpaka nirudi Dodoma. Mvua inanyesha. Niwahi!

Tulipofika, mimi, Ludovick na Optatus, mzee alikuwa bado. Mama Loisi katupokea kwa vigelegele na salamu ya Kigogo, mbukwenyi, mbukwenyi, karibuni. Nyumba imepigwa deki mpaka unaogopa kukanyaga. Jezi ilining'inia sebuleni kwenye henga. Njano! Optatus akaizunguka mikono nyuma, kama daktari. Akasema mshono wa kola ni wa zamani kweli. Mama akamshukuru, akidhani anasifiwa usafi.

Mara mzee huyo, kalowa, jembe begani. Tukasimama wote. Shikamoo baba. Hakuitikia. Ameshaiona.

Mama Loisi alikuwa na hotuba yake tayari, nilimsikia akiikariri jikoni, lakini ilimpotea. Alibaki kashika ncha ya kanga. Mzee kaweka jembe chini. Kaisogelea. Kaishika mkono wa kulia, pale palipokuwa na alama ya kiwiko, akapapasa, hakuna kitu. Akainusa. Nilitamani Ludovick aseme utani wowote.

"Mama Abeli," mzee akasema, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

"Abee, Baba Abeli."

"Kumbe ilikuwa njano."

"Ilikuwa njano."

Akaitoa kwenye henga. Akavua shati lake lililolowa, mbele yetu, akaivaa. Akasema tangu siku ile hajawahi kuivaa tena, ingewezekanaje, ilikuwa haipindi. Tumboni imembana, mabegani imemkaa sawasawa. Akajitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani, na uso wake, sijui niuandikeje, ulikuwa wa kijana mwenye mvi. Akacheka! Akamshika mke wake bega akamtikisa. "Umevumilia sana, Loisi." Mama akajifunika uso kwa kanga, analia na kucheka pamoja, na mimi nikaanza, na Ludovick akajifanya ana mafua.

Hapo nikamwambia mzee habari ya dau. Kwamba nimeshindwa, kwamba Kabati sasa ni la huyu kijana. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia Optatus. "Wewe unajua kupiga penalti?"

Optatus kasema eti alicheza shuleni.

Sasa wako uwanjani! Ni hapo mbele tu, ng'ambo ya njia, magoli yaleyale ya fainali, watoto wa jirani wameshaleta mpira. Tope linafika vifundoni. Optatus kakunja suruali yake ya Dar mpaka magotini, viatu kaviacha kwangu. Anabisha hukohuko mvuani, namsikia: hata mkiichafua hili halitakuwa tope la 1981! Nimempigia kelele kutoka hapa kwamba litakuwa la 2025, na jina la mpigaji nitaliandika chini ya picha. Halafu kauliza, picha ya jalada au ya ndani? Nikamjibu anayejua ni mwenye Kabati. Sasa kasimama anafikiria, mpira mkononi, mvua inamtiririka puani.

Ludovick yuko na kamera chini ya mwavuli. Mzee yuko golini, kainama, mikono wazi, anaruka kulia kidogo, kushoto kidogo. Njano peke yake uwanja mzima.

Mama Loisi katoka hadi ukingoni na kanga kichwani. "Baba Abeli! Nimeipiga pasi! Usithubutu! Simama tu, udake ukiwa umesimama!"

Mzee hamsikii, au anajifanya. Optatus kaweka mpira chini. Karudi nyuma hatua kadhaa, anateleza, anasimama tena. Mama kafumba macho, sasa kachungulia kwa jicho moja, na mkono wake umenishika begani hapa hata siwezi kuandika sawa. Anasema taratibu, kwangu tu, "Kulia, mume wangu, ataipiga kulia." Optatus anakuja —