KIKAO CHA DHARURA CHA KUBADILI NAMBA 409 YA GARI LA MAZIKO

Chama cha Kuzikana, Kamati ya Gari. Jumatano tarehe 14, karakana ya Mwenyekiti, wajumbe wakikalia mbao (nyingine zina misumari).

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (seremala wa majeneza), Mweka Hazina (mama wa duka la vitambaa), Dereva, na Katibu, mjomba wa Dereva, anayeandika haya.

HAKUHUDHURIA: Makamu. Udhuru: hoi kitandani. Mweka Hazina alimwona sokoni akijaribu viatu.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA
Kikao cha saa nane kilifunguliwa saa tisa na nusu, kwa kuwa Mwenyekiti hakuwa amefika, na bila yeye hakuna wa kukemea wachelewaji.

KUMB. NA. 2/14: MALALAMIKO YA DEREVA
Dereva alieleza kwamba gari hulala kwake, nyumba ya pili kutoka hapa, na mtaa mzima unaijua 409. Likiegeshwa tu, majirani hufika na viti na nyuso za msiba. Juzi mama mkwe wake, anayeuguzwa kwake, ndiye aliyewafungulia mlango, na wawili wakaendelea kumlilia. Tangu hapo mama huyo hataki kulipanda kwenda kusafishwa kidonda cha mguu. Pikipiki haiwezi, mguu haukunjiki. Amekosa siku mbili. Daktari ameonya kwamba akikosa ya tatu, yaani leo jioni, huenda mguu ukakatwa.

Kamati ilisikitika, ikaendelea na yake.

KUMB. NA. 3/14: KUCHAGUA NAMBA
Mwenyekiti alieleza kwamba ofisi ya usajili inaruhusu kuchagua hata neno, mradi lisizidi herufi saba, na kwamba baada ya kutafakari tangu Ijumaa amepata PUMZIKA. Mweka Hazina alitaka herufi za jina lake, kwani ndiye aliyeshona mapazia ya gari. Mwenyekiti alijibu kwamba mapazia hayo hata marehemu hawayatazami. Mweka Hazina alisema, bila kutaja mtu, kwamba yapo majeneza yanayofunguka njiani.

Dereva aliomba tarakimu za kawaida, zisizokumbukwa na yeyote. Mwenyekiti alishangaa mtu kuchagua namba ili isionekane. Dereva akamwambia, "Mzee, ukiandika Pumzika, mama yule nimpandishe kwa kamba?"

Katibu alieleza kwamba enzi zake za malori aliwahi kubadili kibao cha namba gari likiteremka mlima, breki zimekufa. Hakukuwa na swali.

KUMB. NA. 4/14: KURA
Kila pendekezo lilipata kura moja, ya mwenyewe. Katibu, mwenye kura ya kuamua, aliomba muda, maana hekima haikimbizwi.

Hapo mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza dirishani, aliingia na mkongojo wake. Kanuni haziruhusu asiye mwanachama kusema. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

"Wanangu, iacheni namba yenu," alisema. "Wote waliopanda gari hilo wasirudi walilala nyuma. Mimi nitakaa mbele, kioo wazi, nisalimie watu njia nzima."

Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba hayo ndiyo Kamati ilikuwa ikielekea kuyasema.

KUMB. NA. 5/14: KUFUNGA
Dereva aliwasha gari mara moja. Mwenyekiti, ambaye kila baada ya kikao hurudishwa kwake na gari hilo, alikuta kiti cha mbele kina mtu.

"Nyuma kuna nafasi, mwanangu," mama alimwambia. "Jinyooshe."

Mwenyekiti alisema leo anapendelea kutembea. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano jioni.

MWENYEKITI: ................ (yuko njiani, kwa miguu)
KATIBU: sahihi imewekwa, kwa wino