Utani Ulioingia Kwenye Faili la Mume Wangu

Tabora, Jumanne.

Jua limepania kutukausha, mvua za kwanza bado zinatuzungusha, na mimi nina hasira mpaka kichwa kinagonga. Duka nimelifunga mapema. Mteja mmoja aliniuliza bei ya kitenge nikamjibu kana kwamba amenitukana, nikaona heri nirudi nyumbani kabla sijaharibu zaidi.

Shajara, usinitulize. Nimetulizwa na watu wa kutosha leo.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: mume wangu Ramazani ni Mkongo wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa. Alikuja huku kwa treni ya Kigoma, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, kwa kibali cha kazi alichoombewa na mwenye mashine. Tukapendana, tukaoana. Nikahi ilifungwa hapa hapa kwetu Cheyo, pilau ikaliwa, majirani wakacheza mpaka vumbi likasimama. Mwaka huu mwenye mashine kauza kila kitu kahama, na kibali kikafa pamoja na ajira. Sasa Ramazani anaomba kibali cha ukaazi kama mume wangu, na muda aliopewa wa kukaa unaisha wiki hii. Akikosa, avuke Ziwa akasubiri huko. Atasubiri mpaka lini, hakuna anayejua, hata wakili tunayemlipa kwa ajili ya kujua.

Kuna jambo linaniudhi tangu siku ya kwanza nilipokaa kwenye kiti cha huyo wakili. Kama mimi ndiye ningekuwa mgeni na Ramazani ndiye Mtanzania, sheria ingenipa njia ya kuomba uraia kwa sababu tu nimeolewa. Mke wa kigeni anayo njia hiyo. Mume wa kigeni hana. Wakili Neema alinieleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaeleza hayo wanawake wengi wenye hasira. Nikamuuliza, kwani mimi ni Mtanzania nusu? Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mama, ndivyo sheria ilivyo. Tufanye kazi na iliyopo."

Haya, tukafanya kazi na iliyopo.

Iliyopo inataka ithibitike kwamba ndoa yetu ni ndoa. Cheti tunacho. Picha tunazo, mpaka ile ambayo Ramazani amefumba macho. Lakini lazima pia afisa wa uhamiaji afike mtaani aongee na jirani anayetujua. Wakili akaniambia nichague jirani wa karibu kuliko wote. Akanionya na kidole: nisimfundishe la kusema, nisimwambie lolote, kwa sababu afisa akigundua kwamba shahidi amekaririshwa, tumekwisha.

Nikamchagua Mzee Ndahani. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Mzee Ndahani ni Mgogo, mstaafu wa reli. Kazi ilimleta Tabora akiwa kijana na hakuondoka tena. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani, tangu babu zetu wakikatiza Ugogo na mizigo ya watu mabegani kwenda pwani. Na mtani ana ruhusa zake. Siku ya msiba wa baba yangu, Mzee Ndahani alisimama katikati ya njia akalizuia jeneza mpaka apewe kuku, watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Siku ya harusi yangu alikalia kiti cha bwana harusi akasema anayeolewa ameolewa na yeye, huyo Mkongo atafute wake. Kila asubuhi nikipita na marobota yangu ananiita mpagazi, nami namuuliza leo chai ameiomba nyumba ya nani. Ndivyo tunavyosalimiana miaka yote. Jumapili anacheza bao na Ramazani, wanatukanana mpaka giza linaingia.

Nani mwingine anatujua kama yeye?

Basi nikamwambia tu kwamba kuna mgeni atakuja kumuuliza habari za Ramazani, ampokee vizuri. Sikusema ni mtu wa serikali. Nilimtii wakili kama mtoto wa darasa la kwanza.

Leo asubuhi wakili akaniita. Ofisi yake iko juu ya duka la vifaa vya umeme, na bado feni yake haifanyi kazi. Akanikalisha, akanisomea maelezo ya shahidi ambayo afisa ameyapeleka kwenye faili letu. Nayaandika kama nilivyoyasikia. Kwamba Wanyamwezi kazi yao ni kubeba mizigo isiyo yao, na safari hii wamebeba mume wa mtu. Kwamba mwombaji ana mke Kalemie, mnene, na watoto. Kwamba hapa Cheyo hakuna ndoa, kuna mlinzi wa duka anayelipwa kwa ugali. Kwamba siku mwenye mume atakapokuja kumchukua, shahidi mwenyewe yuko tayari kumwoa mama wa nyumba hiyo, kwa huruma tu. Chini kuna sahihi ya Mzee Ndahani, nzuri, ya mtu wa reli.

Wakili hakucheka. Mimi nilicheka, mara moja, kwa mshtuko.

Afisa siwezi hata kumkasirikia vizuri. Ni kijana, mgeni hapa, kauliza na kajibiwa, kaandika alichojibiwa. Mtu asiyemjua Mzee Ndahani atajuaje? Yule mzee akitania hatabasamu. Anakukazia macho kama anatoa habari za kifo, na hapo ndipo penye ufundi wake. Sisi tuliomzoea tunaanguka kwa kicheko. Kijana wa watu akaanguka na kalamu.

Nikamwambia wakili huu ni utani. "Najua, mama," akasema. "Bibi yangu Mzigua, na watani zake wamenizomea mpaka kwenye sherehe yangu ya kuhitimu. Lakini kwenye fomu tumejaza kwamba hana mke mwingine, na shahidi wetu wenyewe anasema anaye. Ushahidi unajibiwa kwa ushahidi. Huyo mzee aje hapa aapishwe, na aje leo."

Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina uhakika juu ya Kalemie.

Nilitoka pale sioni barabara, nikapita dukani, nikamfokea yule mteja wa kitenge, nikafunga. Kutoka mjini mpaka Cheyo nimetembea kwa miguu kwenye lile jua, na kila hatua nilikuwa natunga maneno. Mzee Ndahani nilimkuta nje kwake anabangua karanga. Akaniona kwa mbali, akainua mkono. "Mpagazi! Mbona leo huna mzigo? Au mwenyewe ameshakuja kuuchukua?"

Nikamlipukia. Nilimwambia ameivunja nyumba yangu. Nilimwambia mdomo wake hauna mlango, na mtu mzima hovyo ni yeye. Nikapiga teke ungo wa karanga. Na unajua kilichofuata? Majirani walitoka kusikiliza wakaanza kucheka! Walidhani ni utani umenoga. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele, akasema leo Mgogo kapatikana. Mzee mwenyewe alikuwa anatafuta jibu la kunirudishia, nilimwona kabisa analitafuta, mpaka alipoona nalia. Akasimama. Vigelegele vikakatika.

Nikamweleza yule mgeni alikuwa nani. "Mwanangu, nilidhani ni mtu wa mradi," akasema. "Si wanakuja kila mara? Wanauliza maswali, unasaini, wanaondoka. Nikasema acha nimchangamshe."

Nikamwambia aende kwa wakili, nikamgeuzia mgongo. Sikumsaidia kuokota karanga.

Nyumbani Mama alikuwa ameshapata habari, maana mtaa huu habari hazihitaji bando. Nilidhani atakuwa upande wangu. Akanikalisha chini akaanza: mtani hakasirikiwi, ukishamkasirikia umemfanya mtu baki, baba yako angekuwepo asingekubali. Nikamwambia kwamba baba hafukuzwi nchini, anayefukuzwa ni mume wangu. Mama akasema nipunguze sauti. Nikapandisha. Miaka yote tumeambiwa mtani hakasirikiwi, sawa, lakini nani amekaa akafikiria utani ukienda mahali ambapo hakuna anayeujua? Nimlilie nani? Sheria inanikasirisha, na sheria haina nyumba nikaende kuipigia kelele mlangoni. Wakili ananikasirisha kwa ushauri wake wa kunifunga mdomo. Mgogo nimekatazwa. Nife nayo?

Sasa niandike lililo baya kuliko yote. Ramazani aliporudi, nilimuuliza.

Nilimuuliza kama ana mke Kalemie.

Alicheka kwanza. Alidhani nami natania. Akasema, "Niko nao kumi na mbili, unataka majina?" Mimi nikabaki kumwangalia, kicheko kikamwishia usoni kidogo kidogo. Akakaa kwenye kochi, akavua viatu, kila kimoja akakiweka pembeni ya mwenzake kama vile anapanga vyombo vya kioo. "Zuhura, niko na mke moja. Ndiye huyu anayenipigia makelele." Halafu akaenda nyuma kuchota maji ya kuoga. Sikuwa na shaka naye nilipoamka. Sina shaka naye sasa. Lakini pale kwa wakili, kwa muda wa pumzi moja, nilikuwa nayo, na yeye ameiona. Hili ndilo sitawasamehe, na hata sijui nawaambia nani.

Alasiri Mzee Ndahani alipita amevaa koti lake la reli, lile la msibani, kwenye joto hili. Alikwenda kwa wakili na kurudi kwa miguu. Wakili amenipigia simu, anasema mzee kaapa vizuri, kajibu kila swali kwa ufupi, hakuchomeka hata kineno. Aliyechoka ni yeye wakili, maana imembidi akae aandike maana ya utani kwa lugha ya sheria, nani anamtania nani na kwa haki gani, na kila akiusoma unaonekana kama ugonjwa.

Jioni nilikuwa nafagia kibarazani. Mzee Ndahani akatokea, akasimama nje ya geti. Nikajiweka tayari. Angeniita mpagazi ningemjibu, nakuapia, jibu nilikuwa nalo mdomoni.

Akasema, "Habari za jioni, Bi Zuhura."

"Nzuri, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akapita.

Nilisimama na ufagio kama mtu aliyeibiwa. Miaka yote sijawahi kumwamkia, na yeye hajawahi kuniita jina. Nilitaka aumie, kweli nilitaka, lakini adabu yake siitaki. Nina hasira naye bado, na nataka anitukane kesho asubuhi. Yote mawili ni ya kweli, na usiniulize yanakaaje pamoja.

Chakula kilikuwa mezani wakili alipopiga tena. Afisa amekubali kuyapokea maelezo mapya, ila anataka kutuona mimi na Ramazani, kesho, pamoja, ajiridhishe mwenyewe. Kesho ndiyo itakayoamua kama mume wangu anabaki. Wakili akatoa masharti. Majibu mafupi. Hakuna mizaha, hata kidogo. Tusikatizane. Tusichekeane. "Baada ya lile jambo la mzee," akasema, "chochote kitakachofanana na utani kitatuharibia."

Tukajaribu palepale, sahani zikiwa mbele yetu. Nikamuuliza Ramazani, kwa sauti ya ofisini, alikutanaje na mkewe. Akakohoa. Akasema alikuja dukani kununua kitambaa cha kufutia mashine, nikamuuzia kitenge kizima kwa nguvu, akaona huyu mwanamke bora amwoe arudishe hasara. Ni kweli tupu, ndivyo ilivyokuwa. Nikapiga meza nikamwambia hapana, hapana, sema mlikutana dukani, basi, nyamaza. Akarudia: "Tulikutana dukani." Akanitazama aone kama amepatia. Nikamwambia amepatia, nikainuka kwenda jikoni kwa sababu sikutaka anione.

Hatuna namna nyingine ya kupendana, mimi na huyu mtu. Hatuitani mpenzi. Hatushikani mikono njiani. Anasema pilau yangu imefanya apewe talaka na tumbo lake, namwambia arudi Kalemie akale mihogo. Mtu akitaka kujua kama tumeoana, atusikilize tunavyotukanana, atajua mara moja.

Nguo zake nimezipiga pasi, shati jeupe na suruali ya kijivu. Langu ni gauni la bluu na mtandio. Yeye yuko chumbani, namsikia anajifunza peke yake, majibu mafupi, moja baada ya jingine, kwa sauti isiyo yake.

Kesho nitakaa kando ya mume wangu, mikono mapajani, uso mkavu, kama abiria wawili waliokutana stendi, na nisimtazame asije akanichekesha, ili nchi yangu iamini kwamba mimi ni mke wake.