Sindano ya Mpingo

Zinga,
Jumapili ya tatu ya Kwaresima

Kaka yangu Vedasto,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Presha yako inaendeleaje? Wifi na watoto hapo Chalinze hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila joto la mwaka huu halina adabu. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Unakumbuka nilipewa kazi ya kufuma kitambaa cha altare cha Pasaka. Basi vidole vikanisaliti. Ile sindano ya kroshia ya chuma aliyoniachia mama ikawa inaniteleza, na kila asubuhi kidole gumba kinakufa ganzi. Akina mama wa kigango wakaniambia, kwa upole ule unaochoma, kwamba nipumzike tu, watanunua cha dukani. Kaka, nilikasirika! Miaka ishirini na sita nimefuma, leo nipumzishwe kama kuku wa mayai aliyezeeka?

Nikanunua ya plastiki, ikapinda mkononi. Ya mwanzi ilikuwa nyepesi, vidole vikashukuru, lakini siku ya tatu ncha ikachanika nyuzinyuzi na kunasa uzi. Nikaenda Bagamoyo mjini kwa mchongaji mmoja, fundi Mwinjuma. Akasema mpingo ndio unaofaa: ni laini, haunasi uzi, wala hauna ubaridi wa chuma. Ila wake ulikuwa mbichi, na akiuchonga mwembamba hivyo utapasuka. Alitaka uliokauka miaka mingi.

Nikarudi nyumbani. Nyuma ya mlango ilikuwa imesimama bakora ya mpingo ya marehemu baba.

Ndiyo, kaka, hiyohiyo uliyosema utakuja kuichukua Pasaka uitundike sebuleni, haki yako kama kifungua mimba. Nimeikata. Fundi aliniuliza mara mbili kama mwenye bakora ameridhia, na mara zote mbili nikajibu ameridhia. Hata kichwa chake sikukuachia. Pale ndipo baba alipokuwa akishika, pamelainika kuliko kwingine kote, nami nilipataka kwa ajili ya mkono wangu.

Kwa ule uongo nisamehe. Kwa kukata siombi msamaha. Kitambaa kimepita nusu, ganzi imepungua, na habari ya duka haisemwi tena kigangoni. Baba aliitembelea bakora ile kwenda shambani na kurudi mpaka miguu ilipomkatalia. Hakuitundika hata siku moja.

Pasaka njoo vilevile. Ukiwa na hasira, njoo nayo, pilau itakuwepo. Ila kabla hujaanza kunigombeza, nitakupa sindano uishike kwanza.

Wifi mpe salamu nyingi, na watoto wabusu mmoja mmoja.

Mdogo wako, mbishi kama baba,
Tekla