Kinachostahili Kusomwa Mara ya Pili

Kisauni, Jumamosi, 1947

Nimeshinda, tena nimeshinda kwa hoja, si kwa sauti.

Mwalimu Hamisi alidai kwamba tenzi zimepitwa na wakati, na kwamba barazani petu zisomwe hadithi za wauaji na askari kanzu. Wengi walimuunga mkono. Niliona utenzi unatutoka, nikaomba sharti moja tu: mimi na yeye tusome jana, kila mmoja chake, na leo turudie kilekile.

Leo Hamisi hakuwahi hata kumaliza ukurasa. Shemeji yangu Athumani alimkatiza: "Mwalimu, tusichoshane. Aliyemuua tajiri ni mpwawe. Una jipya?"

Watu wakacheka. Kisha nikaghani utenzi wa jana, ambao wanaujua tangu utotoni. Hakuna aliyeinuka. Kila ubeti ulipokaribia kituo, walinitangulia kuumaliza.

Nilipotua kupumzika, Hamisi mwenyewe akasema, "Endelea, Maalim. Mimi nimenyamaza."

Nakiri, kwa kuwa hapa najiandikia mwenyewe, kwamba jana nami nilikosa raha mpaka nimjue muuaji. Nilipomjua, sikuwa na haja naye tena.